Ufukwe Nilioupima Kutoka Mlimani

Vijana wa ofisi ya upimaji ya Njombe waliniaga kwa chai, maandazi na hotuba tatu, na katika hotuba zote tatu nilisifiwa kwa ukweli wa daftari langu. Nilikaa nikiyatazama maandazi. Ningeweza kusimama niseme neno, lakini mke wangu alikuwa amekaa karibu nami, amefurahi kupita kiasi, nami sikutaka kumharibia siku. Nilipofika nyumbani Mahongole nikaona si haki kuwaacha vijana wale wakiamini walichokiamini. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Vyeo vyangu na mshahara wangu havimhusu mtu, na wanaotaka kuvijua watamuuliza karani. Mimi nitaeleza jinsi nilivyotumwa kutafuta fukwe za kupandia mawimbi, kazi ambayo baba yangu alikufa bila kuamini kwamba ni kazi.

Nilianza nikiwa nimetoka shule Kidugala, nina mwandiko mzuri na viatu vya kuazima. Makambako wakati ule ilikuwa njia panda, maduka machache na upepo. Nilisimama pale tangu alfajiri mpaka lori la chumvi liliponihurumia, nikapanda juu ya magunia, nikafika Njombe midomo imekufa ganzi kwa baridi. Karani wa ofisi aliniuliza jina langu mara tatu kabla sijaweza kulitamka. Nikasema Elia Mlelwa. Akaniambia niende nyuma, nikamwone Mzee Sanga.

Mzee Sanga alikuwa nyapara wa washika mnyororo, Mkinga wa Makete, mwembamba, mkali, mtu wa maneno machache ambayo yote yalikuwa amri. Alinikabidhi mnyororo wa kupimia, ule wa chuma wenye pete mia moja, akaniambia niukunjue. Niliukunjua kama mtu anavyokunjua kamba ya mbuzi. Ukajifunga mafundo ambayo sijapata kuyaona tena maishani. Hakunigombeza. Alinikalisha chini, nikafungua pete moja moja mpaka adhuhuri, kisha akanipa kitambaa na mafuta nikaupangusa wote.

"Mnyororo ukiukunja vibaya leo, kesho unakudanganya kwa inchi," alisema. "Na inchi ni shamba la mtu."

Kisha akanipa daftari dogo na penseli, na pamoja navyo sheria moja ambayo aliirudia kila Jumatatu kwa miaka yote niliyokuwa chini yake: usiandike mahali ambapo mguu wako haujafika. Ukiona kilima, kipande. Ukiona bonde, lishuke. Kama hukufika, acha ukurasa mweupe, maana ukurasa mweupe hauna aibu. Tulimheshimu kama tunavyomheshimu mchungaji siku ya Chakula cha Bwana, na tulimwogopa kidogo zaidi ya hapo.

Miaka yangu ya mwanzo ilikuwa ya mashamba na barabara. Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya wazee wawili walioketi benchi moja kanisani na hawakusalimiana, sababu ya kipande cha ardhi kati ya mashamba yao. Kila mmoja alileta mashahidi. Nilikokota mnyororo siku nzima mbele ya ukoo mzima, jioni tukapata upana wa kipande chenyewe: kuku angeweza kulala pale, lakini asingeweza kugeuka. Wazee wote wawili wakanikasirikia mimi, na katika kunikasirikia wakapatana. Tangu hapo nimeamini kwamba mpimaji ana faida yake hata asipopendwa.

Kisha, vita vya pili vya dunia vilipokwisha, akaja Bwana Peni. Jina lake halisi lilikuwa refu na lilitushinda, yeye mwenyewe akatuambia Peni inatosha. Alikuwa mpimaji kijana, mwenye Kiswahili cha mtihani, safi, kisicho na chumvi. Kwao alikulia kando ya bahari, mahali ambapo, kwa maelezo yake, watu wazima wenye akili timamu huingia majini, wakalala kifudifudi juu ya ubao, wakasukumwa na wimbi mpaka ufukweni, kisha wakarudi kuanza upya. Tulimwuliza wanapeleka nini ufukweni. Akasema hawapeleki kitu. Mzee Sanga akauliza kama ni adhabu.

Haikuwa adhabu, ilikuwa burudani, na bomani walikuwa wameikubali. Walitaka mahali pa mapumziko kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, ili maofisa na familia zao wakikimbia baridi yetu wasiwe wanakwenda mpaka mbali. Bwana Peni akapewa kazi ya kutafuta fukwe nzuri, nasi tukapewa kazi ya kumfuata. Alikuja na ubao wake mwenyewe kutoka kwao: mwembamba, urefu wa kunifika kifuani, ncha yake ya mbele imepindwa juu kwa mvuke. Ulikuwa umepakwa rangi nyeusi na umefungwa katika shuka jeupe usikwaruzwe.

Lori lilituacha Mlangali, kutoka pale tukaenda kwa miguu. Ubao aliubeba mpagazi mmoja aitwaye Kilasi, mbele kabisa ya msafara, begani. Hatukufikiria ungefanana na nini machoni pa watu. Katika kila kijiji watu waliacha majembe, wanaume wakavua kofia, akina mama wakaja wameshika vichwa. "Poleni na msiba," walituambia. Mara ya kwanza tulieleza. Mara ya pili tulieleza kwa kifupi. Kufikia kijiji cha nne Kilasi alikuwa ameacha kueleza, akawa anaitikia "Tumeshapoa" kwa sauti ya majonzi na kupokea maharage ya kuchemsha ya wafiwa. Bwana Peni alishangaa jinsi Wapangwa, wenyeji wa milima ile, walivyo wakarimu. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa muda wa siku mbili alikuwa anatembea nyuma ya maiti ya mtoto.

Siku ya tatu milima ikaisha ghafla, na chini yetu likawa ziwa. Wenzangu, mmeliona wengi wenu mkiwa watoto, ila mimi nilikuwa mtu mzima na sikuwahi. Maji yalianza miguuni pa mlima yakaenda mpaka yakaungana na mbingu, buluu juu, buluu chini, na kando yake mstari mweupe wa mapovu unaopinda kufuata kila ghuba. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Pia niliogopa, nami sikumwambia mtu. Sisi wa Mahongole maji tunayapenda yakiwa kwenye ndoo. Nilipokuwa mdogo nilitumbukia kwenye kisima cha jirani, nikatolewa kwa sikio, na tangu siku ile sikuingia kwenye maji yanayopita kifundo cha mguu.

Bwana Peni aligawa kazi. Yeye na Mzee Sanga wangepima upande wa kaskazini, yeye kwa mtumbwi na mzee kwa miguu ufukweni, mimi na Kilasi upande wa kusini, wote wawili kwa miguu. Alinipa mambo ya kuandika kwa kila ufukwe: urefu wake, mchanga au mawe, mteremko wake, kama kuna mto karibu, maana kwenye midomo ya mito kuna mamba, kama kuna njia ya kufika na maji safi ya kunywa, na mwisho hali ya mawimbi. Yote niliyaelewa ila hilo la mwisho. Nilidhani ufukwe mzuri ni ule ambao wimbi linafika moja kwa moja nchi kavu, likapiga, likamaliza shughuli. Wimbi linalovunjika mbali na kuja linajikokota lilionekana kwangu kama mfanyakazi mvivu.

Tulikuta fukwe sita. Tano nilizishukia, nikapima kwa mnyororo, nikasimama hatua kumi kutoka majini nikaandika. Kwenye ufukwe wa tano, wenye mitete pembeni, niliandika hivi: "Mawimbi yanachelewa kufika. Maji yamechafuka mbali. Hapafai kabisa." Wa sita ulikuwa nyuma ya jabali kubwa lililoingia ziwani, na njia pekee ya kuufikia ni kushuka ukingo wa mlima kisha kuvuka maji ya kiuno kuzunguka jabali. Nilisimama juu nikautazama. Ulikuwa mzuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Mchanga wake ulikuwa mwekundu, unang'aa kwenye jua, na mawimbi yalikuja kwa mpangilio kama matuta ya viazi, yakafika yote mpaka ufukweni ndipo yakaanguka pamoja.

Kilasi akaniuliza kama tunashuka. Nikasema panaonekana vizuri kutoka hapa. Nikaandika: "Urefu hatua mia mbili na kumi. Mchanga mwekundu, laini. Mawimbi makubwa, yamepangika. Pazuri kuliko pote." Sikuandika nilikuwa nimesimama wapi.

Bwana Peni alifurahi mno. Huko kaskazini alikuwa amepata mawe tu. Alisoma ukurasa wangu mara mbili, akanipiga begani, na mwezi uliofuata tukarudi ziwani pamoja na mkewe, ambaye tulimwita Memsahibu, mwanamke mrefu mcheshi aliyeogelea kuliko mumewe na hakuficha. Mpango ulikuwa rahisi. Kesho yake saa tatu asubuhi wangeingia majini kwenye ufukwe mwekundu, wote wawili. Wakiridhika, Bwana angeuchora kwenye ramani, na kambi ya mapumziko ingejengwa pale.

Tulipiga hema kwenye kijiji cha Wakisi, watu wa ufuko ule, ambao wanawake wao ndio wafinyanzi. Alasiri nilitumwa kununua chungu cha maji. Nikamkuta mama mmoja, Mama Sikitu, amekaa kivulini anazungusha udongo juu ya kigae kipana, chungu kinakua mikononi mwake bila haraka.

"Kamwene, mama," nilimsalimu.

Akanitazama miguu kabla ya uso. "Wewe ni wa juu," alisema. "Watu wa juu mnatembea mmeinama mbele, hata mahali ambapo hapana kilima."

"Ni kweli, mama. Nimekuja kutafuta chungu cha maji cha kambini."

"Vipo. Mnakwenda wapi na mizigo yote hii?"

"Kwenye ule ufukwe mwekundu, nyuma ya jabali. Bwana na mkewe wataingia majini kesho."

Mikono yake ikasimama. "Nani kawaambia pale ni pa kuingia?"

"Kuna mtu alipaona," nilisema.

"Alipakanyaga?"

Nikainamia chungu kilichokuwa karibu nikajifanya nakikagua. Yeye akaendelea na udongo wake, na akisema nami alikuwa hanitazami, jambo ambalo nalishukuru mpaka leo.

"Ule si mchanga, mwanangu. Ni vyungu. Vya bibi yangu, vya mama yangu, na vyangu mwenyewe siwezi kuvihesabu. Sisi tunapeleka vyungu sokoni kwa mtumbwi. Upepo wa mwera ukitukatalia kuzunguka jabali, inabidi tutue pale. Na pale hakuna kutua, kuna kuangukia. Wimbi la pale linakuja limelala, limenyamaza, likifika mlangoni linasimama lote mara moja, linajitupa chini na kila kilicho mgongoni. Shemeji yangu alivunjika bega pale, naye anaogelea tangu hajaota meno. Hao wako wanaingiaje?"

"Wanalala kifudifudi juu ya ubao. Kichwa mbele."

"Basi lete na jembe," alisema Mama Sikitu.

Nilimwuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, ufukwe mzuri ni upi. Akasema yeyote anayebeba vyungu anajua. Ni ule wa mitete. Pale wimbi linavunjika kule mbali, hasira yake linaiacha hukohuko, linakuja linapungua, linakuja, linakuja, mpaka linakuweka chini kama mtoto aliyesinzia. "Pale natua na vyungu arobaini," alisema, "na nikifika nyumbani ni arobaini."

Nilikwenda ufukwe mwekundu jioni ileile, jua bado liko juu ya maji. Safari hii nilishuka. Nilizunguka jabali nimejishikilia kwa kucha, maji yamenifika kiunoni, nikimwomba Mungu kwa Kibena ili anielewe upesi. Hatua ya kwanza nchi kavu kigae kilinikata unyayo. Ufukwe wote ulikuwa vigae, vidogo kwa vikubwa, vimesagwa na maji, vinang'aa. Nilisimama pale damu inatoka nikatazama mawimbi kwa karibu. Lilikuja moja, jembamba, zuri. Likafika mbele yangu, likasimama juu ya kimo changu, likaanguka kama gunia la mahindi linavyoanguka kutoka juu ya lori, na ardhi ikatetemeka chini ya miguu. Moyoni nilimwona Memsahibu chini ya gunia lile. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, na ninamshukuru Mungu kwamba sijaiona tena.

Njiani kurudi nilitafuta pa kutokea. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini jioni ile niliipima ya kwangu nikaona inaweza kurefushwa. Ningeweza kusema wenyeji wamekataza, kwamba pana mizimu. Bwana angeandika mizimu kwenye daftari lake kwa furaha, wazungu wanapenda mizimu, nasi tungehamia kwingine, jina langu likabaki safi. Niliikubali njia ile mpaka nilipofika kambini. Nilipomwona Mzee Sanga ameketi anaupangusa mnyororo kwa mafuta, pete moja baada ya nyingine, nikashindwa.

Asubuhi, saa moja, Bwana na Memsahibu walikuwa wanakula mayai mbele ya hema. Memsahibu alikuwa ameshavaa nguo yake ya kuogelea chini ya gauni. Mzee Sanga na wapagazi walikuwa wanafunga mizigo. Mama Sikitu alikuwa amefika na chungu changu, na vingine viwili vyenye nyufa, ambavyo sikuelewa alivileta kwa nini.

"Bwana," nilisema, "ule ufukwe mwekundu sikuushukia."

Bwana Peni akaweka uma chini. "Umeandika urefu wake. Hatua mia mbili na kumi."

"Nilikadiria kwa macho, kutoka juu ya mlima."

"Na mchanga laini?"

"Si mchanga, Bwana. Ni vigae vya vyungu vilivyovunjika. Nimekwenda jana jioni, nimeona. Mtu akiingia pale atavunjika shingo."

"Kwa nini hukushuka mara ya kwanza?"

Nilikuwa nimeandaa sababu tatu, zote nzuri. Mficha uchi hazai. "Naogopa maji, Bwana," nilisema. "Tangu utoto."

Kilasi aliangalia mbali kwa huruma. Mzee Sanga alinigeuzia mgongo akatazama ziwa, na mgongo ule uliniuma kuliko unyayo.

"Tungeingia saa tatu," alisema Bwana Peni taratibu. "Mke wangu angetangulia, maana huwa anatangulia."

"Ndiyo, Bwana."

Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akachukua uma wake tena. "Vizuri umesema saa moja," alisema. "Ungeweza kusema saa nne."

Memsahibu alikuwa na swali lingine: kama habari ya ufukwe ule ina hakika. Ndipo Mama Sikitu alipoinua vyungu vyake vyenye nyufa. Alikuwa ameziba midomo na nyufa za vyungu hivyo kwa majani makavu na udongo ili vielee. Akasema maneno ni ya watu wa juu, watu wa chini wanaonyesha. Mume wa Mama Sikitu alivichukua kwenye mtumbwi, sisi tukapanda kwenye jabali kutazama. Nje ya mawimbi ya ufukwe mwekundu aliweka chungu kimoja majini. Kilielea, kikaja kinayumba, wimbi likakibeba vizuri sana, likakipeleka karibu kabisa, likasimama, tukakiona kiko juu kabisa kama kofia ya askari, kisha hatukukiona. Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Memsahibu alisema neno moja la Kiingereza ambalo Bwana hakututafsiria.

Tukaenda kwenye ufukwe wa mitete. Chungu cha pili kiliachwa mbali zaidi, pale maji yalipochafuka. Wimbi lilivunjika, chungu kikazama, kikaibuka, kikaanza kuja katikati ya mapovu. Kilikuja muda mrefu. Kilasi alianza kukiimbia wimbo wa kuwakaribisha maharusi, wapagazi wakaitikia, na chungu kikaingia kwa heshima zote, kikagusa mchanga, kikatulia. Memsahibu akakimbilia majini kukipokea. Bwana Peni alikuwa amefungua daftari langu. Akasoma kwa sauti, "'Hapafai kabisa,'" akacheka mpaka akaketi chini.

Waliingia, wote wawili, kwa zamu. Sijui nieleze vipi. Memsahibu alilala juu ya ubao, wimbi likamnyanyua, akaja mbio hatua mia nzima bila kuchapa mkono wala mguu, anapiga kelele kama msichana kwenye bembea, akateleza mpaka miguuni petu. Akina mama wa kijiji walikuja kutazama, wakakaa. Wazee walikuja kuwaita akina mama, wakakaa pia. Kazi haikufanyika siku ile, na sikumsikia mtu akilalamika.

Kisha Bwana Peni alikuja kwangu anachuruzika maji, akaniwekea ubao mikononi. "Daftari lako linasema hapafai," alisema. "Nenda kalisahihishe."

Niliangalia huku na huku, hakuna aliyenitetea. Nikavua shati. Bwana alinishika mkono mpaka maji yakanifika kifuani, akanilaza juu ya ubao, akaniambia nisifanye lolote, jambo ambalo nilikuwa nalifanya tayari. Nikasikia nyuma yangu sauti kama upepo wa Makambako. Nikafumba macho. Kitu kikubwa, kipole, kikanishika chini ya tumbo na kunisukuma, nikafumbua macho nikaona nchi kavu inanijia mbio, milima, hema, watu wote wamenyoosha mikono, na maji meupe yanachemka pande zote mbili za kichwa changu, nami sizami. Nilipofika mchangani nilikuwa nacheka, nimejaa maji puani, nikasikia Mama Sikitu anasema, "Haya, cha arobaini na moja kimefika."

Nilirudi mara sita. Vijana, kama hamjawahi kubebwa na kitu mlichokiogopa miaka yote, sina namna ya kuwaeleza.

Ufukwe wa mitete ndio uliochorwa kwenye ramani, na vibanda viwili vya nyasi vikajengwa pale. Kwenye orodha ya vyombo ya safari zetu za ziwani kukaongezwa, kwa mwandiko wa Bwana mwenyewe, kati ya dira na vigingi: "Vyungu vibovu, viwili." Karani mmoja wa bomani aliandika kuuliza maana yake na hakujibiwa. Kwa njia ile tulipima ufuko ule mrefu kwa miaka, ghuba kwa ghuba, tukapata fukwe nyingine nne zinazobeba wimbi jema, na hakuna mtu aliyeumia kwenye hata mmoja. Mkitaka kuzijua, ziko kwenye ramani. Zote nimezikanyaga, na zote zimenilowesha.

Ila limebaki jambo moja, na bila hilo jibu langu kwa hotuba zenu tatu halijakamilika. Katika safari ile ya kurudi nyumbani Mzee Sanga hakusema nami siku mbili nzima. Alitembea mbele na mnyororo wake. Nilikula peke yangu, nikalala nikifikiri jinsi nitakavyorudi Mahongole kulima. Siku ya tatu, tukikaribia Mlangali, alisimama nyuma ya wengine akaningoja.

"Elia."

"Naam, mzee."

"Ule mto ulio bondeni pale, upande wa kushoto. Kwenye ramani umeandikwaje?"

Niliukumbuka. Barabara nzima iliuzunguka, nusu siku ya mwendo. "'Kina kirefu,'" nilisema. "'Hapavukiki.'"

"Mwandiko wa nani?"

Mwandiko nilikuwa naujua.

"Niliandika nimekaa kwenye jiwe ng'ambo ya huku," alisema Mzee Sanga. "Nakula kiazi. Miaka kumi na miwili sasa. Kule Makete tulikuwa na mto uliomchukua kaka yangu, basi nikiona maji nayaona yote ni yale." Alivuta pumzi. "Ile sheria ninayowaambia kila Jumatatu nilianza kuwaambia Jumatatu ya wiki ile."

Nikachukua ncha ya mnyororo. Tukashuka bondeni sisi wawili. Tulipofika mtoni tulikuta akina mama watatu wanavuka na mizigo ya kuni vichwani, wanapiga soga, mmoja ana mtoto mgongoni. Wakatusalimu, wakatupita. Mzee Sanga akakaa chini, akavua viatu, akakunja suruali yake kwa makini kama anavyokunja ramani, akaingia. Nilimfuata nyuma nimemshika mkanda. Kila hatua aliijaribu kwa kidole cha mguu kabla ya kuikanyaga. Tulikwenda hivyo, hatua kwa hatua, mpaka katikati kabisa, tukasimama.

Alitazama chini muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, taratibu, yeye ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, na machozi yanamshuka.

"Andika," alisema.

"Niandike nini, mzee?"

"Magotini."